Namna ya Kuitafuna Nchi Isiyoegemea Upande: Mwongozo kwa Kanali Mwenye Haraka

Ndugu Kanali,

Kama nia yako ni kuanzisha idara ya siri ya kijeshi katika nchi iliyoahidi kutoegemea upande wowote, usihangaike kutafuta walimu mbali na Uswisi. Yapo mataifa yaliyokuwa na majasusi wengi zaidi na wakali zaidi, lakini hayakuwa yameipa dunia ahadi ya namna hiyo. Uswisi iliitoa, na mwaka 1815 madola makubwa ya Ulaya yakaitambua kwa maandishi. Kuanzia hapo neno la Mswisi likawa na uzito wake wa peke yake. Msalaba Mwekundu ulizaliwa Geneva. Maadui wasioweza kuketi pamoja kwao walikwenda kuketi huko. Mpaka leo nchi mbili zikivunja uhusiano, mara nyingi ubalozi wa Uswisi ndio unaoombwa kupeleka ujumbe kati yao. Imani hiyo ni mali ya Waswisi wote, imejengwa kwa vizazi, na mwongozo huu unaeleza namna kikundi kidogo cha maofisa kinavyoweza kuitafuna bila wenye mali kuulizwa. Sijabuni hatua hata moja. Zote zilifanyika.

Anza na hofu ya kweli. Uongo mtupu haudumu, lakini hofu ya kweli hukaa ndani ya ofisi miaka mingi baada ya hatari yenyewe kupita. Mwaka 1939 Uswisi ilikuwa na kila sababu ya kuogopa: Hitler kaskazini, Mussolini kusini, na Austria, jirani wa mashariki, ilikuwa imekwisha kumezwa mwaka mmoja kabla. Tarehe 30 Agosti Bunge lilimchagua Henri Guisan kuwa jenerali, cheo ambacho nchi hiyo hukitoa wakati wa hatari tu. Idara ya ujasusi ya jeshi aliyoikuta, chini ya Roger Masson, ilikuwa na watu wa kuhesabika, hivyo ikabidi itumie macho ya wengine. Hans Hausamann, ofisa wa akiba aliyekuwa akifanya biashara ya vifaa vya picha, alikuwa ameunda ofisi yake binafsi ya kukusanya habari, Büro Ha, na vita vilipoanza akaiweka mkononi mwa jeshi. Rudolf Roessler, mkimbizi wa Kijerumani aliyechapisha vitabu mjini Luzern, alileta taarifa za ndani kabisa kuhusu jeshi la Hitler. Taarifa zake zilifika pia Moscow, kupitia redio za siri za kundi la Alexander Radó kule Geneva.

Siwalaumu Waswisi kwa hilo. Nchi ndogo iliyozingirwa lazima ijue jirani anapanga nini, na wapo watu wengi walio hai leo kwa sababu mtu fulani Luzern alikesha akisoma na kuandika. Nalisema mapema, Kanali, usije ukadhani unaongea na mtu anayetaka mataifa yalale milango wazi. Tatizo linaanza pale unapofanya yafuatayo.

Jiaminishe kwamba unazijua siasa za nchi kuliko waliochaguliwa kuziendesha. Masson alijenga urafiki na Walter Schellenberg, mkuu wa ujasusi wa nje wa SS, akakutana naye kwa mara ya kwanza mwaka 1942 huko Waldshut, upande wa pili wa mpaka. Tarehe 3 Machi 1943 Jenerali Guisan mwenyewe akaketi na Schellenberg katika nyumba ya wageni iitwayo Bären, kijijini Biglen, si mbali na Bern. Mjerumani alitaka uhakika kwamba Uswisi itampiga yeyote atakayeingia, Waamerika na Waingereza wakiwemo, naye jenerali akampa uhakika huo kwa maandishi yenye saini yake. Tafakari jambo hilo. Mkuu wa majeshi ya nchi isiyo na upande anamwandikia ahadi ofisa wa SS, na serikali yake haikuambiwa kabla. Ilipojua ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika.

Siku chache baadaye Masson alipata onyo kutoka kwa watoa habari wake walio karibu na makao makuu ya Hitler: Ujerumani inafikiria kuivamia Uswisi. Alichofanya, na hapa ndipo mwanafunzi wa ujasusi anapotakiwa kushika kichwa, ni kumuuliza Schellenberg kama habari hiyo ni kweli. Kwa swali hilo moja Berlin ikajua kwamba Waswisi wana mtu ndani. Jibu likaja kwamba hatari imeondolewa, naye Schellenberg akajitwalia sifa ya kuiondoa. Urafiki wa siri wa watu wawili ulikuwa umechukua nafasi ya sera ya nchi, na watu waliohatarisha roho zao kuleta habari wakawekwa kwenye hatari kubwa zaidi na yule yule waliyekuwa wakimsaidia.

Vita vikiisha, usivunje kambi. Hamisha adui. Kabla ya 1945 adui alivaa sare na kuvuka mpaka kwa miguu. Wakati wa Vita Baridi alifundishwa kwa wananchi kama mtu anayeweza kuwa mwalimu wa mwanao au mwandishi unayesoma riwaya zake. Mwaka 1969 serikali ya Uswisi iligawa bure kitabu kidogo chenye jalada jekundu, kiitwacho Zivilverteidigung, yaani ulinzi wa raia. Zilichapwa nakala milioni 2.6, ili kila nyumba ipate yake. Sehemu yake kubwa ilikuwa na faida: namna ya kuweka akiba ya chakula, namna ya kumhudumia majeruhi, la kufanya bomu la nyuklia likilipuka. Sehemu nyingine iliwafundisha wananchi kushukiana. Wapenda amani, wasomi na watu wa mrengo wa kushoto walichorwa humo kama mlango ambao adui atapitia.

Chama cha waandishi cha Uswisi kikagawanyika kwa sababu ya kitabu hicho, maana mwenyekiti wake, Maurice Zermatten, ndiye aliyeandaa toleo la Kifaransa. Mwaka 1970 waandishi 22 walijitoa, Max Frisch na Friedrich Dürrenmatt wakiwemo, na mwaka uliofuata wakaunda kundi lao, Gruppe Olten. Mimi huona hapo ndipo nchi ilipoanza kuugua. Serikali inayopeleka kijitabu cha kuwashuku waandishi wake kwenye kila nyumba imekwisha kuamua nani ni raia kamili na nani ni raia wa mashaka.

Mmoja wa waandishi wawili wa kijitabu hicho alikuwa ofisa wa ujasusi, Albert Bachmann, na wewe Kanali unapaswa kumjua mtu huyu vizuri. Alizaliwa Zürich mwaka 1929, akajifunza kazi ya uchapaji, na ujanani alikuwa katika vijana wa kikomunisti. Baada ya wakomunisti kutwaa madaraka Prague mwaka 1948 aligeuka, akawa adui yao mkubwa, akapanda vyeo jeshini mpaka ukanali. Katikati ya miaka ya 1970 alikabidhiwa huduma maalumu ya siri iliyopaswa kuandaa upinzani iwapo nchi ingevamiwa na kukaliwa. Alikuwa mtu wa mawazo makubwa. Alinunua shamba liitwalo Liss Ard, karibu na mji mdogo wa Skibbereen kusini magharibi mwa Ireland, ili liwe mahali pa serikali ya Uswisi kukimbilia Warusi wakifika Bern. Mawaziri ambao wangeishi huko hawakuwa na habari.

Ukishakuwa na uhuru wa namna hiyo, mpeleleze rafiki. Novemba 1979 jeshi la Austria lilifanya mazoezi makubwa katika eneo la St. Pölten. Bachmann alimtuma huko Kurt Schilling, mtu aliyekuwa na kazi ya kushauri makampuni, akaangalie kama Waaustria wangeweza kuwazuia Warusi, na kwa muda gani. Schilling alizunguka akiangalia na kuandika, akakamatwa, akafikishwa mahakamani. Mazoezi yenyewe hayakuwa siri: Austria ilikuwa imealika waangalizi wa kijeshi kutoka nchi za nje. Na Austria nayo, tangu 1955, ni nchi isiyoegemea upande. Hivyo nchi isiyo na upande ilimtuma mtu kuvizia, katika nchi jirani isiyo na upande, jambo ambalo angeweza kuliona kwa kadi ya mwaliko. Ulaya nzima ilicheka. Mimi nikisoma habari hiyo namfikiria Schilling, raia aliyeaminishwa kwamba anaitumikia nchi yake, akiwa peke yake kizimbani ugenini kwa wazo la mtu mwingine.

Ni vizuri pia kuwa na msaliti mmoja wa kuonyesha umma, ili wananchi waamini kwamba hatari inatoka kwa mtu na si kwa mfumo. Agosti 1976 alikamatwa Brigedia Jean-Louis Jeanmaire, aliyekuwa mkuu wa vikosi vya kinga dhidi ya mashambulizi ya anga, kwa kuwapa Warusi habari za kijeshi. Waziri wa sheria, Kurt Furgler, alimtangaza kuwa msaliti kabla mahakama haijasema neno, na mwaka 1977 akahukumiwa miaka 18. Alikosea, hilo halina ubishi. Lakini wengi walioipitia kesi hiyo baadaye waliona siri alizotoa hazikuwa na uzito wa adhabu ile. Alitoka mwaka 1988 akiwa mzee, na mpaka alipofariki mwaka 1992 alikuwa akipigania jina lake.

Bunge likikubamba, chimba chini zaidi. Baada ya fedheha ya Austria wabunge walichunguza, wakatoa ripoti mwaka 1981, na Bachmann akaondoka jeshini. Hapo idara yenye heshima ingejitokeza mwangani. Kilichotokea ni kinyume. Kazi ya kuandaa upinzani wa siri ilitolewa jeshini na serikalini kabisa, ikakabidhiwa jumuiya mpya iliyoitwa P-26, chini ya ofisa mwingine, Efrem Cattelan. Haikuwa na sheria iliyoiunda, na fedha zake zilitoka kwenye hazina ya umma kwa njia ambazo wabunge hawakuziona. Ilikusudia kuwa na watu wapatao 800, na ilipofichuliwa ilikuwa na takriban 400, raia wa kawaida wenye kazi zao za kawaida. Wengi wao walikuwa watu wema walioambiwa kwamba siku nchi ikikaliwa, wao ndio watakaobaki kupigana. Waliapa kunyamaza, na wengine hawakuwaambia hata wenzi wao wa ndoa.

Wanachama wa kawaida siwanyooshei kidole. Nawanyooshea walioandika mipango. Kamati ya Bunge ilipoyapata makaratasi ilikuta kwamba P-26 haikufikiria uvamizi wa kigeni peke yake. Ilifikiria pia nchi kupinduliwa kutoka ndani. Sasa jiulize: nani angeamua kwamba mapinduzi ya ndani yametokea? Chama cha kushoto kikishinda uchaguzi, je, hayo ni mapinduzi? Watu waliokuwa na silaha, milipuko na viapo walikuwa wameachiwa kulijibu swali hilo wenyewe. Hakuna demokrasia inayoweza kulala usingizi juu ya jambo kama hilo.

Wakati huohuo, waandike raia wako kwenye kadi. Hili lilifanywa na polisi wa shirikisho zaidi kuliko jeshi, ingawa jeshi nalo lilikutwa na kumbukumbu zake. Liligunduliwa kwa njia ya mzunguko. Elisabeth Kopp, mwanamke wa kwanza kuingia katika serikali ya Uswisi, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba alimpigia simu mumewe kumtahadharisha kuhusu uchunguzi wa utakatishaji fedha uliohusu kampuni aliyohusika nayo. Bunge likaunda kamati teule, chini ya Moritz Leuenberger, ichunguze wizara yake ya sheria na polisi. Kamati ilikwenda kutafuta habari za utakatishaji fedha, ikafungua makabati, ikakutana na kadi takriban 900,000 za watu na vyama, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa imefika watu milioni saba.

Aliyekwenda mkutano wa amani aliandikwa. Aliyesafiri Ulaya Mashariki aliandikwa. Kadi moja iliyopata umaarufu ilibeba taarifa kwamba mhusika hupenda kunywa bia jioni. Watu wazima, wenye mishahara iliyolipwa kwa kodi, walikaa ofisini wakachapa sentensi hiyo, wakaifungia kabatini kama siri ya taifa. Na haikuwa mchezo, kwa sababu mtu aliyeandikwa angeweza kunyimwa kazi ya serikali bila kuambiwa kwa nini, akabaki miaka akijiuliza alikosea wapi.

Ripoti ya Leuenberger ilitoka Novemba 1989. Siku chache tu baadaye, tarehe 26 ya mwezi huohuo, Waswisi walipiga kura kuhusu pendekezo la kufuta jeshi lao lote, na asilimia 35.6 wakasema ndiyo. Pendekezo lilishindwa, lakini zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura katika nchi inayojivunia kwamba kila mwanamume ni askari! Tarehe 3 Machi 1990, miaka 47 kamili baada ya mkutano wa Biglen, zaidi ya watu 30,000 waliandamana Bern kudai kadi zao. Zaidi ya 300,000 waliandika barua kuomba kuona walichoandikiwa. Walitumiwa nakala zenye mistari mizito myeusi, wakakaa mezani wakijaribu kukisia ni jirani yupi, ni mfanyakazi mwenzao yupi, amefichwa chini ya wino. Mwaka uliofuata Uswisi ilipotaka kusherehekea miaka 700 ya muungano wake, wasanii na waandishi wengi waligoma kushiriki. Mimi ningegoma pamoja nao.

Kamati teule ya pili, chini ya Seneta Carlo Schmid, iliigeukia Wizara ya Ulinzi, na Novemba 1990 P-26 ikaanikwa na kuvunjwa. Kisha jaji Pierre Cornu akapewa kazi ya kuchunguza uhusiano wa jumuiya hiyo na mashirika ya siri ya nje. Alikuta ushirikiano wa karibu mno na Waingereza, ambao waliwafundisha viongozi wa P-26 na walijua mambo ya jumuiya hiyo kuliko serikali ya Uswisi yenyewe. Wananchi wa Uswisi hawakujua, wabunge wao hawakujua, mawaziri hawakujua undani wake. London ilijua. Hapo, Kanali, neno kutoegemea upande limebaki kwenye karatasi tu.

Tahadhari moja kabla hatujafika kwenye biashara kubwa. Giza ulilolijenga kwa ajili ya taifa litatumiwa na yeyote mwenye ufunguo. Dino Bellasi alikuwa mhasibu katika idara ya ujasusi ya jeshi. Kati ya 1994 na 1999 alichukua karibu faranga milioni 9 kutoka Benki Kuu, kwa hati za kugharimia kozi za kijeshi ambazo hazikuwepo. Alipokamatwa alidai ameagizwa na mkuu wa idara, Peter Regli, kuunda jeshi la siri, na kweli palikutwa shehena ya silaha alizonunua. Ulikuwa uongo, na alikuja kukiri. Lakini kwa siku kadhaa nchi nzima ilimwamini, maana baada ya P-26 habari ya jeshi la siri haikumshangaza mtu. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha miaka sita.

Sasa tuje kwenye hatua iliyonifanya niandike mwongozo huu, na inayonihusu mimi na wewe tunaosoma Kiswahili kuliko nyingine zote: uza imani ya nchi yako kwa fedha taslimu. Boris Hagelin, Msweden aliyebuni mashine za kuficha ujumbe, alihamia Uswisi mwaka 1948, na mwaka 1952 akaanzisha mjini Zug kampuni iliyoitwa Crypto AG. Serikali zilizotaka kuwasiliana na balozi zao bila kusikilizwa zilinunua kwake. Fikiria karani wa mawasiliano katika wizara ya mambo ya nje ya nchi changa. Anapokea barua ya waziri, anaichapa kwenye mashine, zinatoka herufi zisizo na maana yoyote, anazituma angani. Akiulizwa kwa nini hawakununua mashine ya Waamerika au ya Warusi, jibu liko wazi: hao wana upande. Hii ni ya Uswisi.

Mwaka 1970 CIA ya Marekani na BND, idara ya ujasusi ya Ujerumani Magharibi, ziliinunua kampuni hiyo kwa siri, kwa takriban dola milioni 5.75, zikajificha nyuma ya mfuko ulioandikishwa Liechtenstein. Mashine ziliendelea kutengenezwa Uswisi na kuuzwa kwa jina la Uswisi, ila hesabu za ndani zilipunguzwa nguvu makusudi, ili wenye kampuni waweze kufumbua ujumbe wa mteja haraka. Mteja alilipa bei kamili, na faida wakagawana wanaomsikiliza. Zaidi ya nchi 100 zilinunua. Wajerumani walijitoa mwaka 1993, Waamerika wakaendelea mpaka 2018. Februari 2020 gazeti la Washington Post, televisheni ya Ujerumani ZDF na ile ya Uswisi SRF walifichua mambo hayo kwa nyaraka za CIA na BND wenyewe.

Katika orodha ya wateja iliyochapishwa, Tanzania imo. Zaire imo. Oman imo. Nilipoisoma niliumia, na bado naumia. Tanzania iliamua mapema kutofungamana na upande wowote, ikalipia uamuzi huo kwa misaada iliyokatwa na marafiki walionuna. Dar es Salaam ndiko yalikokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. FRELIMO ya Msumbiji iliundwa humo, ANC na PAC za Afrika Kusini zilikuwa na ofisi humo, na mambo yaliyoandikwa kwenye ujumbe wa siri wa serikali ya namna hiyo yalihusu uhai wa watu. Nchi isiyo na upande iliiendea nchi nyingine isiyo na upande, ikaiamini kwa sababu hiyo hasa. Na katika miaka ya 1980 idara ya ujasusi ya jeshi la Uswisi ilikuwa na uhusiano wa karibu na wenzao wa Afrika Kusini ya makaburu.

Ukifanya biashara hii, Kanali, uwe tayari pia kuwatupa wauzaji wako. Hans Bühler aliuza mashine za Crypto kwa miaka mingi bila kujua kilichomo. Machi 1992 alikamatwa Tehran, akashikiliwa miezi tisa na kuhojiwa kila siku kuhusu siri asiyokuwa nayo. Kampuni ililipa dola milioni moja ili aachiwe. Aliporudi nyumbani ikamfukuza kazi na kumdai fedha hizo. Bühler hakunyamaza, alikwenda kwa waandishi wa habari na kusema aliyoyapata, na kwa hilo anastahili heshima kuliko maofisa wote niliowataja.

Novemba 2020 kamati ya Bunge inayosimamia ujasusi, iliyoundwa baada ya fedheha za kadi na P-26, ilitoa ripoti yake kuhusu Crypto. Ilikuta kwamba idara ya ujasusi ya Uswisi ilikuwa na habari za uhakika tangu 1993 kwamba kampuni hiyo ni ya wageni na kwamba mashine zake ni dhaifu, na kwamba baadaye yenyewe ilinufaika kwa kusoma ujumbe wa wengine. Ilinyamaza. Mawaziri wengi waliokuja na kwenda hawakuelezwa. Karani wetu aliendelea kuchapa barua za waziri.

Hatua iliyobaki ni kupoteza makaratasi. Ripoti ya Jaji Cornu iliandikwa mwaka 1991. Toleo lenye mistari myeusi lilitolewa kwa umma mwaka 2018, na toleo kamili limefungwa mpaka 2041. Watafiti walipouliza majalada yaliyoambatanishwa nayo, wizara ilisema 27 kati yake hayaonekani. Walitafuta tena, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba hawakuyapata. Mwaka 2016 Waswisi walikuwa wamepiga kura kuhusu sheria mpya ya ujasusi, na asilimia 65.5 waliikubali. Walau safari hiyo waliulizwa. Sisi tulionunua mashine hatujaulizwa, na wabunge wetu wana haki ya kuiandikia Bern barua: ni ujumbe gani uliosomwa, wa miaka gani, na nani alipewa.